Piga kidole, halafu rudi upakie: miaka mitano kwenye kampuni inayokua kwa kasi hapa Tanga

Mzigo Mzito (mleta mada)

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo.

Nimeacha kazi, hii ni wiki ya sita. Jina la kampuni silitaji, na atakayelitaja humu namuomba afute, sikuja kumchafua mtu. Watu wa Tanga mtaijua kwa harufu tu, na mkishaijua kaeni nayo. Ni wauzaji wa jumla na wasafirishaji: unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni, vinywaji. Magari yao mnapishana nayo kila siku njia ya Segera.

Niliingia 2019 tukiwa watu 14, ukimhesabu na mama wa chai. Fuso mbili na kirikuu kimoja ambacho kilikuwa kinasukumwa kila asubuhi. Naondoka nimeacha watu mia na themanini na kitu, magari sijui idadi, matawi mpaka Korogwe na Handeni.

Kwanza niseme uzuri, maana upo, na asiyeusema anadanganya.

Bosi alikuwa na daftari la kaunta, kava gumu jekundu, kona moja imetafunwa na panya. Lilikaa juu ya mzani. Ukibaki baada ya saa 11 kupakia gari la Lushoto, anaandika yeye mwenyewe: jina, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kisha anakugeuzia uone. Jumamosi saa 7 mchana tunapanga foleni pale pale kwenye mzani. Anasoma kwa sauti, "wewe saa sita na nusu", anahesabu noti, unatia sahihi kwa bik iliyofungwa na uzi wa katani isiibiwe. Hata asiyejua kusoma alijua chake, maana kinasomwa mbele za watu. Niliwahi kumbishia nusu saa. Akamuuliza dereva, dereva akasema kweli tulimaliza saa 2 kasoro, akafuta akaandika upya. Nusu saa, wakuu.

Ramadhani tulikuwa tunafunga kazi saa 9 na nusu, na kila mtu anaondoka na sukari na tende, Mkristo na Muislamu. Mama yangu alipolazwa Bombo nilimkuta bosi wodini ameshafika kabla yangu, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya chungwa.

Mikataba? Hakuna aliyekuwa nao. Hakuna aliyeuliza. Ungemuulizaje mkataba mtu anayemmenyea mama yako chungwa?

Naendelea, ngoja nichaji simu.

Pweza Mkavu

Natandika mkeka. Kahawa chungu iko jikoni, kashata ziko hapa. Tiririka mkuu.

Mchukuzi 21

Hii kampuni naijua kwa hilo daftari tu. Sisemi neno.

Mzigo Mzito

Naendelea.

Mnakumbuka jinsi mji ulivyochangamka. Bandari ilipochimbwa kina kikafika mita 13, na lile gati la mita 450 likaanza kujengwa, ili meli zisitie tena nanga huko nje na mzigo kuletwa na matishari. Halafu mradi wa bomba la mafuta ghafi, ule wa kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi hapo Chongoleani. Watu wanaofanya kazi lazima wale. Oda tulizokuwa tunazipata kwa wiki zikawa za siku. Bosi akakopa, akanunua magari, akapanga godauni la pili, la tatu. Ndani ya mwaka mmoja tukatoka watu 30 na kitu kwenda zaidi ya 90. Kuna asubuhi niliingia stoo nikamsalimia mtu nikidhani ni mteja, kumbe mwenzangu ana wiki tatu kazini.

Hapo wakaja watu wa kamba. Tuliwaita hivyo sababu ya vitambulisho vya shingoni. Meneja wa ghala, meneja wa usambazaji, HR, wote kutoka Dar, wasomi, na sio watu wabaya. Ila kampuni ikagawanyika bila mtu kutangaza: kuna watu wa daftari (sisi wa zamani), watu wa mashine (walioingia baadaye) na watu wa kamba. Watu wa daftari tulikuwa tunaweza kumpigia bosi simu usiku. Watu wa kamba walikuwa hawalipendi hilo, na ukweli walikuwa na haki, maana wenzetu wengine walikuwa wakikaripiwa na meneja wanakimbilia kwa bosi, bosi anatengua amri ya meneja mbele ya watu. Meneja wa kwanza alidumu miezi minne. Wa pili mitano. Sisi huku tunacheka, tunasema Tanga, waja leo waondoka leo. Tulikuwa wajinga. Kila meneja aliyekuja alikuwa mkali kuliko aliyeondoka, kwa sababu alishaambiwa kuhusu sisi.

2022 ikaja mashine ya vidole. Imefungwa ukutani karibu na geti, unaweka kidole inawaka kijani, sauti ya kike inakushukuru kwa Kiingereza. Daftari likaondolewa juu ya mzani siku hiyo hiyo. Tukaambiwa sasa hakuna kuonewa, mashine haina upendeleo.

Kweli haina. Saa 2 na dakika 6 asubuhi imekuandika umechelewa, mwisho wa mwezi unakatwa. Lakini jioni ndiyo kulikuwa na maajabu. Ikifika saa 11 supavaiza anapita: "Jamani pigeni kidole, halafu mrudi, kuna Fuso la Handeni." Mnapanga foleni, mnapiga kidole, bibi wa ukutani anawashukuru mmoja mmoja, mnageuka mnarudi stoo. Mnapakia mpaka saa 1, saa 2. Kwenye kompyuta mlishaenda nyumbani saa 11.

Mara ya kwanza nilidhani ni dharura ya siku moja. Ikawa kila siku. Nikamuuliza supavaiza, akasema bajeti ya ovataimu imekwisha tarehe 9. Mwezi uliofuata ikaisha tarehe 4. Baadaye tukaacha kuuliza.

Pweza Mkavu

Bibi wa ukutani ndiye pekee aliyekuwa anawashukuru, msimlaumu.

Mwenye Duka Ngamiani

Niseme tofauti kidogo, mnisamehe. Mimi nimeajiri watu tisa, nina duka la jumla huku barabara za Ngamiani. Mleta mada unaongea kama bosi ni tajiri aliyekalia hela. Biashara ya jumla faida ni shilingi mia mbili tatu kwa mfuko. Mteja anachukua kwa mkopo anakulipa baada ya mwezi na nusu, benki haisubiri. Gari likilala Mombo mlima haujapandwa, mteja wa Lushoto anahamia kwa mwingine. Wewe ulipakia mpaka saa 2, bosi wako saa 2 ndio anaanza kupiga hesabu. Na mlikubali. Mngekataa wote kwa pamoja siku ya kwanza ingekuwaje? Vijana wa siku hizi kazi mnataka, jasho hamtaki.

Mzigo Mzito

Mzee wangu, shikamoo. Siwezi kukubishia kuhusu faida, nilikuwa naziona ankara. Na sikusema bosi amekalia hela. Jasho tulilitoa, huo ndio uzi wenyewe.

Kukataa tungekataaje? Kulikuwa na grupu la WhatsApp la ghala. Jioni moja kijana mmoja hakurudi baada ya kupiga kidole, alikuwa na mtoto mgonjwa. Meneja akaweka picha ya ratiba kwenye grupu, jina la kijana limezungushiwa duara jekundu, chini ameandika: "Kuna watu hawana moyo wa familia." Watu thelathini na kitu wakaweka dole gumba. Na mimi niliweka. Hilo linanisumbua kuliko hata hela.

Sasa nije kwenye cheo. Mwaka jana niliitwa ofisini, nikapewa chai ya maziwa, nikaambiwa nimepanda: supavaiza msaidizi. Mshahara ule ule, 450,000. Nikapewa na kamba. Nikaenda nyumbani nimefurahi, mke wangu akapika wali wa nazi na samaki siku ya kazi. Mwezi uliofuata naambiwa, wewe sasa ni uongozi, uongozi haudai ovataimu. Tulipandishwa watu kumi na mmoja kwa mpigo. Kwenye ghala la watu arobaini, supavaiza wasaidizi kumi na mmoja! Niliokuwa nawasimamia hawakuwepo. Nilikuwa nabeba mifuko na kamba shingoni, inaning'inia inanasa kwenye mifuko.

Halafu shoti. Hii lazima niieleze polepole.

Lilitoka gari kwenda Mombo na Lushoto. Kwenye karatasi mafuta ya kula katoni 60. Mteja akapokea, akahesabu chupa, akasema zimepungua. Programu ikaonyesha upungufu mkubwa, hela inayozidi laki tano. Mimi nilipakia, kuna dereva, kuna mtu wa stoo aliyetoa. Hatukuitwa wala hatukuulizwa. Mwisho wa mwezi meseji ya benki inaingia, naona 270,000. Nikadhani benki imekosea. Naenda kwa HR, naambiwa shoti imegawanywa kwa watatu.

Dereva akaacha kazi kwa aibu, maana huko kwao Mkinga zilishafika habari kwamba ni mwizi. Miezi mitano baadaye binti wa uhasibu akagundua: ile aina ya mafuta ilibadilishwa ujazo, katoni ilikuwa ya chupa 20 ikawa ya chupa 12, aliyeingiza kwenye programu akaacha 20. Katoni zilikuwa kamili tangu mwanzo. Chupa zilizopotea hazikuwahi kuwepo duniani.

Nikaenda kudai hela yangu. Nikaambiwa mwezi ule hesabu zake zimeshafungwa.

Mchukuzi 21

Dereva namjua. Sasa anaendesha noa ya Muheza. Ni kweli alivyosema mleta mada. Hakuwahi kuombwa radhi mpaka leo.

Mzigo Mzito

Ukimuona mpe salamu zangu, mwambie simu yangu ni ile ile.

Binti wa Makorora

Nilisema sitachangia. Nami nilikuwa mtu wa mashine, upande wa oda, tunapokea simu za wateja.

Nilikwenda kujifungua, likizo niliipata, siku 84 zote, hapo siwasingizii. Niliporudi mtoto ana miezi mitatu na anakataa chupa. Nyumbani kwangu na kazini ni bodaboda dakika kumi. Nikaomba niwe natoka saa 6 mchana nikanyonyeshe nirudi. Msimamizi wangu akasema sawa dada, nenda, sisi ni familia. Kwa mdomo.

Mashine haikuambiwa. Kila nikitoka napiga kidole, nikirudi napiga kidole. Mwisho wa mwezi nina "utoro" wa saa 31. Nikamfuata msimamizi, kumbe amehamishiwa Korogwe. Aliyekaa kwenye kiti chake ananiangalia hivi, "Nani alikuruhusu? Iko wapi barua?"

Nikawa nakamua chooni. Choo chenyewe mlango haufungi, nimeushika kwa mguu. Siku moja blauzi imelowa mbele, ananijia mteja kutoka Pangani, mtu mzima, akaona haya akanigeuzia uso. Siku hiyo niliandika barua ya kuacha.

Sikuwa na hasira na yule wa kwanza wala wa pili. Ruhusa yangu ilipanda gari ikaenda Korogwe.

Pweza Mkavu

Dada pole sana. Leo sina utani.

Fungu la Sheria

Wadau, kazi yangu ni hizi kesi za kazi, nitajaribu kufupisha.

Dada wa Makorora kwanza. Haukuwa unaomba hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Ulikatwa mshahara kwa kutumia haki iliyoandikwa.

Mleta mada: saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Ovataimu ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 kwa kila wiki nne, na inalipwa si chini ya mara moja na nusu. Jumapili na sikukuu ni mara mbili. Wewe ulikuwa unafanya saa ngapi?

Mzigo Mzito

Jumatatu mpaka Ijumaa saa 2 hadi saa 11, tunatoa saa moja ya chakula. Jumamosi saa 2 hadi saa 7 mchana. Hiyo ya kwenye mashine. Ya ukweli ongeza saa mbili kila siku, kwa uchache kabisa. Na Jumamosi hivyo hivyo.

Fungu la Sheria

Basi ya kwenye mashine ni 45 kamili, aliyepanga ratiba hiyo anaijua sheria vizuri sana.

Ya ziada ni saa 12 kwa wiki, 48 kwa wiki nne. Piga hesabu kwa jedwali la sheria yenyewe: 450,000 gawanya kwa 4.333 upate mshahara wa wiki, gawanya kwa 45 upate wa saa moja, inakuja kama 2,308. Mara moja na nusu ni kama 3,462. Zidisha kwa 48. Inakaribia 166,000 kila wiki nne. Zaidi ya theluthi ya mshahara wako ilikuwa inabaki ukutani.

Cheo: ni kweli kuna wasimamizi ambao vifungu vya saa za kazi haviwahusu. Lakini ni yule anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri NA anaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kamba shingoni haimgeuzi mbeba mifuko kuwa huyo.

Shoti: mwajiri anaweza kukata kufidia hasara, ila mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie sababu na kiasi, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Robo ya 450,000 ni 112,500. Wewe umekatwa 180,000 kwa kosa ambalo halikuwepo.

Sasa sikiliza vizuri. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60. Ya kuachishwa ni 30, lakini wewe uliacha mwenyewe. Umesema wiki ya sita. Wiki sita ni siku 42. Umebakiza 18, na hapo ni kwa ya mwisho mwisho. Ya zamani, pamoja na hiyo shoti, utaomba kuongezewa muda na uwe na sababu za maana, usitegemee sana. Ofisi ipo hapa hapa Tanga. Usikae humu kusoma maoni.

Mzigo Mzito

Nitathibitishaje wakati mashine inasema nilikuwa nyumbani?

Fungu la Sheria

Nani alikuwa anafungua geti Fuso likitoka?

Mzigo Mzito

Mlinzi.

Loh. Daftari la getini. Anaandika namba ya gari, saa ya kutoka na jina la aliyepakia.

Fungu la Sheria

Na meseji za grupu za saa 12 na nusu jioni, "bado katoni 200 jamani", unazo?

Mzigo Mzito

Zote.

Fungu la Sheria

Na mkataba wa maandishi hujawahi kupewa. Wengi wanadhani hilo linawaumiza wao. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumpa mfanyakazi masharti yake kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta mbele ya tume, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Nenda.

Karani wa Zamani

Nimesoma kuanzia juu. Nilikuwa uhasibu pale, niliondoka kabla ya mleta mada. Naomba niseme upande ambao ninyi wa ghala mlikuwa hamuuoni, na sio kwa kumtetea mtu.

Bosi alikuwa hajui habari ya kupiga kidole na kurudi. Najua mtacheka. Kila mwezi meneja anampelekea karatasi moja: mzigo uliotoka umepanda, ovataimu imeshuka. Yeye anafurahi, anasema kumbe hawa wasomi wanajua kazi, zamani nilikuwa nalipa ovataimu nyingi za bure. Alishawahi kunionyesha ile karatasi kwa fahari. Nilikuwa najua ukweli, maana mume wa dada yangu alikuwa anapakia. Nikanyamaza. Nilikuwa na miezi miwili tu kwenye cheo kipya, na meneja ameketi pale pale.

Na meneja naye alikuwa ameahidiwa bonasi kwa kupunguza gharama za ghala. Supavaiza naye akaambiwa bajeti ndiyo hii, mzigo ndio huu, jipange. Hakuna hata mmoja aliyeandika popote "msiwalipe". Kila mmoja alimpa wa chini yake hesabu isiyowezekana, akaondoka asione itakavyowezekana.

Tulipokuwa 14 bosi alikuwa anawaona wenyewe, jasho linawatoka, saa anaiangalia mkononi. Tulipokuwa 180 alikuwa anaiona karatasi. Mimi ningelirudisha lile daftari juu ya mzani.

Mwenye Duka Ngamiani

Karani, umenigusa. Juzi hapa nimemuweka mtoto wa dada yangu kusimamia duka la pili, nikamwambia gharama zishuke. Zimeshuka. Sijamuuliza zimeshukaje.

Kesho naenda.

Pweza Mkavu

Mzee nenda jioni, usiende asubuhi. Na usipige simu kwanza.

Mchukuzi 21

Na uangalie choo mlango kama unafungwa.

Mwenye Duka Ngamiani

Nimekwenda. Sitaki kusema mengi hapa. Nimenunua madaftari mawili ya kaunta, na Fungu la Sheria nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu mikataba, naomba unijibu.

Binti wa Makorora

Mleta mada, vipi? Siku 18 zimepita.

Mzigo Mzito

Wakuu, samahani kwa kimya, niliambiwa nipunguze maneno mpaka litulie.

Nilipeleka fomu siku ya 51. Wito ukaenda. Nilidhani atakuja HR na wakili wa Dar. Siku yenyewe nimekaa kwenye benchi nje, namuona anashuka kwenye gari bosi mwenyewe, amevaa kanzu, ilikuwa Ijumaa. Kwapani ana daftari jekundu. Kona imetafunwa.

Nikasimama kumsalimia, mkono ukaenda wenyewe. Akaitikia, akakaa pembeni yangu, benchi moja. Akalifungua, akatafuta akapata ukurasa wa 2019, akaweka kidole kwenye jina langu. "Mimi nilikuwa sikulipi? Soma." Nikasoma. Saa sita na nusu, sahihi yangu ya enzi hizo, herufi zimelala. Nikamwambia ulikuwa unanilipa. Akageuza kurasa mpaka ya mwisho iliyoandikwa, 2022, mwezi ule wa mashine. Baada ya hapo kurasa nyeupe. Akazigeuza nyingi, moja moja, kama vile anatafuta kitu. Kisha mimi nikampa nakala zangu: picha za daftari la getini, mlinzi alinisaidia na Mungu amlipe. Akavaa miwani. Akasoma muda mrefu mpaka tukaitwa.

Ya ndani ya chumba ni siri ya usuluhishi, sitayaweka humu. Tumeelewana, kwa maandishi, tumesaini. Sio yote niliyodai. Ya miaka ya nyuma mengi nimeyaacha, na hata ya shoti tumekutana katikati. Awamu ya kwanza nimeshapata, nimelipia ada ya mtoto na nimenunua mashine ya kukamua miwa, niko hapo karibu na stendi ya Kange, mpitao karibuni. Awamu ya pili ni tarehe 28.

Kuhusu waliobaki ndani: nasikia bado wanapiga kidole saa 11 na kurudi, ila sasa kuna karatasi mlangoni wanajaza saa ya kutoka, na bado haijajulikana kama inalipwa. Meneja yupo. Bosi aliniuliza habari za mama, nikamwambia alishafariki mwaka juzi. Alikuwa hajui. Zamani angekuwa amebeba jeneza.

Karani wa Zamani

Poleni mkuu. Mimi pia sikujua.

Fungu la Sheria

Tarehe 28 isipoingia usimpigie mtu simu ya kubembeleza. Makubaliano yale yana nguvu, yanatekelezeka kama hukumu. Niambie tu.

Pweza Mkavu

Leo tarehe 29. Mleta mada, miwa au pesa?

Mzigo Mzito

Imeingia jana saa 11 kamili jioni, kwa simu. Pungufu kidogo, wamekata ya kutuma na ya kutolea.

Mchukuzi 21

Hiyo shoti, mgawane wewe na dereva wa Mkinga.